Tabo mbili, sensa mbili: fuata moshi, usifuate upande wa gari

Kijana akija gereji na wazo la kufunga tabo mbili, zile feni zinazozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa zaidi, mazungumzo yote yanakuwa ya vyuma. Tabo za ukubwa gani, manifodi ya kukusanya moshi nani atachomelea, intakula ya kupoza hewa itakaa wapi mbele ya rejeta. Waya hautajwi. Ukitajwa, unatajwa mwishoni pesa zimeshakwisha, na mtu anasema, "Hizo sensa utaziunga tu, fundi." Mimi ni fundi umeme wa magari, niko Nyakato hapa Mwanza, na hiyo "utaziunga tu" ndiyo iliyonifanya niandike. Injini za tabo nilizozikuta zimetoboka pistoni, nyingi tabo zake zilikuwa nzima kabisa. Kilichoziua ni kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kupewa habari za uongo kuhusu mafuta, na habari hizo zilipita kwenye waya wa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kilichofungwa kwenye hilo gari.

Sensa ya oksijeni inakaa kwenye bomba la eksozi na kuiambia kontroli boksi kama oksijeni iliyobaki baada ya moto kuwaka ni nyingi au chache. Bosch ndio walioitengeneza, na magari ya kwanza kuuzwa nayo yalikuwa Volvo za mwaka 1976 kwa soko la Marekani. Ndani yake kuna kauri ya zirkonia. Kauri hiyo ikipata joto la nyuzi 300 na zaidi, upande mmoja ikiguswa na moshi na upande wa pili ikiguswa na hewa safi ya nje, inazalisha umeme yenyewe: karibu volti 0.9 mafuta yakizidi, karibu volti 0.1 hewa ikizidi. Mpaka uko kwenye 0.45 hivi, pale ambapo sehemu 14.7 za hewa zimekutana na sehemu 1 ya petroli kwa uzito. Neno "hewa safi ya nje" naomba ulikumbuke, maana kwenye kuunga waya nitalihitaji.

Ukifunga tabo, sensa lazima ihame. Gari lilipotoka kiwandani bila tabo, sensa ilikaa kwenye manifodi au chini yake kidogo. Sasa hapo ndipo tabo inapokaa, na moshi ulio kabla ya tabo una presha kubwa na joto kali, vitu viwili vinavyoipotosha sensa na kuichosha mapema. Kwa hiyo inapelekwa baada ya tabo, kwenye bomba linaloshuka. Mimi naitaka mbali kidogo na tabo, zaidi ya nusu mita nafasi ikiruhusu, na ikae juu ya bomba, imeinama nyuzi 10 au zaidi kutoka usawa, kichwa kikiwa juu. Mchomeleaji ukimwachia atakuwekea nati kwa chini, kwa sababu gari likiwa limeinuliwa hapo ndipo mkono unapofika vizuri. Asubuhi injini ikiwashwa, bomba lina matone ya maji, na maji yanatiririka kwenda chini. Hita ya sensa inawaka, kauri inapata moto, tone linaigusa, kauri inapasuka. Kwa nje huoni kitu. Unaona tu sensa mpya imekufa bila sababu na mwenye gari anamlaumu muuza spea.

Kuhama huko kuna hasara nyingine kwa magari ya zamani yenye sensa ya waya mmoja. Ile haina hita, inategemea joto la moshi peke yake, na tabo inakula sehemu ya joto hilo kabla halijafika. Kwenye foleni ya Mabatini, injini ikiunguruma tu bila kukanyagwa, sensa inapoa na kuacha kusema. Kontroli boksi inarudi kukisia, mafuta yanazidi, na mtu anaambiwa eti tabo ndizo zinazokula mafuta hata gari likiwa limesimama. Weka ya waya nne, hita ipewe umeme wake kupitia relei na fyuzi, na eathi ya ishara irudi kwenye kontroli boksi badala ya kutegemea kutu ya bomba.

Sasa nije kwenye Mark X, kwa sababu ndilo lililonifundisha zaidi kuliko mengine yote.

Lilikuwa Mark X la GRX120, lile la kwanza lililochukua nafasi ya Mark II kuanzia mwaka 2004, lenye injini ya V6 ya 4GR-FSE ya lita 2.5. Kwanza niseme msimamo wangu wazi: injini hiyo ina mgandamizo wa 12 kwa 1, na kuifunga tabo bila kubadilisha pistoni ni kucheza karibu na moto. Mwenye gari alikuwa ameshaamua, amefunga tabo mbili ndogo katika gereji nyingine, busti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na tabo, imewekwa chini ya nusu baa. Likaja kwangu linatetemeka, taa ya injini inawaka.

"Fundi, mashine ya kupimia imesema upande wa kwanza mafuta hayatoshi," akaniambia. "Pampu nimebadilisha, sensa ya hewa nimebadilisha, nozeli zimesafishwa."

"Upande wa pili imesemaje?"

"Mafuta yamezidi."

Kodi, yaani namba za makosa kutoka kontroli boksi, zilikuwa mbili kwa pamoja: P0171, mafuta hayatoshi upande wa kwanza, na P0175, mafuta yamezidi upande wa pili. Injini ya V ina pande mbili, na kila upande una sensa yake ya kwanza. Upande wa kwanza ni ule wenye silinda namba 1. Kwenye hii unabeba 1, 3 na 5, upande wa pili unabeba 2, 4 na 6. Nikaangalia masahihisho ya mafuta kwenye mashine. Upande wa kwanza kontroli boksi ilikuwa inaongeza zaidi ya asilimia 20. Upande wa pili inapunguza kwa kiasi kinachokaribia hicho hicho. Hewa ikivuja au pampu ikichoka, mara nyingi pande zote mbili zinaelekea njia moja. Hizi zilikuwa zinakimbiana.

Nikamwambia kijana wangu atoe plagi zote sita azipange juu ya benchi, tatu kushoto na tatu kulia, kila moja mbele ya namba yake. Plagi za upande wa kwanza, ule ambao mashine inalia kwamba hauna mafuta, zilikuwa nyeusi tii, masizi makavu yanayotoka kwa kidole. Za upande wa pili, ule wa mafuta kuzidi, zilikuwa nyeupe kama zimepakwa chokaa, na kwenye moja kauri ilikuwa imeanza kuonyesha vidoa vidogo vinavyong'aa. Hizo nyeupe ndizo zilizonitisha. Mashine ilikuwa inasema kinyume cha injini.

Sensa zilikuwa zimebadilishana pande. Ya kulia inapeleka habari kwenye mlango wa kushoto wa kontroli boksi, ya kushoto kwenye mlango wa kulia. Kontroli boksi inaambiwa upande wa kwanza una hewa nyingi, inaumwagia mafuta. Kumbe mwenye shida ni upande wa pili, bado una njaa, na habari ya njaa yake inaendelea kufika kwa jina la mwenzake. Wakati huo huo mafuta ya ziada ya upande wa kwanza yanaripotiwa kwa jina la upande wa pili, ambao unazidi kunyimwa. Ni nahodha anayeambiwa mtumbwi umelalia kushoto wakati umelalia kulia: kila anapouweka sawa anazidi kuuzamisha. Tofauti ndogo tu mwanzoni, ya aina ambayo kila injini inayo, inatosha kuanzisha mbio hizo, na haziishi mpaka kontroli boksi ifike ukomo wake wa kusahihisha.

Hatari ya kweli iko kwenye busti. Ukikanyaga mpaka mwisho, kontroli boksi inaacha kusikiliza sensa kwa muda na kufuata jedwali lake la mafuta lililohifadhiwa ndani, ila masahihisho iliyokwisha kujifunza inayabeba. Upande ulionyimwa mafuta kwenye mwendo wa kawaida unaingia kwenye busti ukiwa umenyimwa vile vile. Silinda zinanoki, yaani mafuta yanalipuka ovyo badala ya kuwaka vizuri, joto linapanda, pistoni inayeyuka ukingoni. Mwenye gari alikuwa amebakiza safari chache.

Kabla ya kugusa waya nilitaka uthibitisho, na uthibitisho wake ni rahisi, hauhitaji vifaa vya bei mbaya. Washa gari, acha sensa zipate moto, fungua mashine usome sensa zote mbili kwa pamoja. Chomoa soketi ya koili, ile inayoipa plagi cheche, ya silinda namba 1 kwa sekunde chache tu. Silinda isipowaka, oksijeni yake inatoka nzima kwenye eksozi, kwa hiyo sensa ya upande wa kwanza lazima ionyeshe hewa imezidi. Pale ilitulia kama haikusikia kitu, ikaruka ya upande wa pili. Usikae na koili imechomolewa muda mrefu, katalisti, kile kisafisha moshi cha kwenye eksozi, ikiwa bado ipo utaiunguza.

Ilifikaje huko? Upande wa kulia wa injini ndipo shafti ya usukani inapopita, nafasi ni finyu. Waliofunga wakaliteremsha bomba la tabo ya kulia na kulipitisha chini ya gia boksi mpaka kushoto, halafu nati ya sensa ikachomelewa baada ya lile bomba kuvuka. Fundi umeme akaingia chini, akakuta sensa iko kushoto, akaipeleka kwenye soketi ya kushoto. Macho yake yalimwambia kweli, ila moshi ule ulikuwa wa kulia. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu washike manifodi kwa mkono, wafuate bomba kwa mkono mpaka kwenye sensa, ndipo washike waya. Soketi za sensa hizo zinafanana, hakuna kitu kitakachokuzuia kukosea.

Tena alikuwa amerefusha waya kwa waya wa rangi moja, mweusi wote, kutoka roli moja. Kwenye sensa za Denso tunazozikuta kwenye Toyota nyingi, nyeusi mbili ni za hita, ya bluu na nyeupe ni za ishara. Ukirefusha zote kwa nyeusi, ramani imepotea, anayekuja baada yako atabahatisha.

Hapa pana jambo linalochanganya hata mafundi wazuri. Sensa za mbele za Mark X hilo ni za A/F, yaani za uwiano wa hewa na mafuta, ambazo kwa sura ni kama zile za kawaida za waya nne lakini zinafanya kazi kwa namna nyingine. Kontroli boksi inaweka volti 3.3 kwenye waya mmoja wa ishara na 3.0 kwenye mwingine, kisha inapima mkondo mdogo unaopita kati yake. Ukiweka mita yako utasoma 3.3 na 3.0 kutwa nzima na hutajua lolote; lazima usome kwenye mashine. Hakuna hata mmoja kati ya hizo mbili ulio eathi, kwa hiyo ole wake atakayeuunga ule wa 3.0 kwenye bodi. Kwenye mashine pia mwelekeo wake ni kinyume, namba inapanda hewa ikizidi. Hita nayo ni kali: kwenye nyuzi 20 hita ya sensa ya kawaida ya Toyota ina omu 11 hadi 16, ya A/F ina 1.8 hadi 3.4. Piga hesabu mwenyewe ni ampia ngapi zinapita, halafu uone kama waya mwembamba wa spika unafaa. Mita yenye kipimo cha omu inakutambulisha sensa iliyo mkononi mwako kabla hujaifunga, kazi ya nusu dakika.

Sasa ile hewa safi ya nje. Sensa nyingi zinaivuta kupitia katikati ya nyuzi za waya wake zenyewe, ndani ya ganda, kutoka kwenye soketi mpaka kwenye kauri. Ukichomea risasi kwenye kiungo umeziba pua yake. Ukijaza grisi kwenye soketi umeziba vile vile. Inaanza kusoma vibaya polepole na hakuna kodi itakayokuambia sababu. Kwa hiyo kiungo kwenye waya wa sensa kinabanwa kwa kijibomba cha shaba na koleo lake, kinafunikwa kwa mpira unaonywea kwa joto, basi. Na urefushaji ufanyike upande wa gari, waya wa sensa yenyewe usiukate kama unaweza kuepuka. Kwa huku kwetu pana la ziada: soketi iinuliwe juu, ifungwe kwenye bodi karibu na gia boksi, isining'inie. Masika ikija, maji ya barabarani yanafika chini ya gari dogo bila shida, na sensa yenye moto inayopoa ghafla inavuta unyevu huo huo kupitia waya.

Karibu na tabo usipitishe waya wa nyumbani. Nyumba ya tabo inaweza kuwa nyekundu usiku ukiiangalia, na ganda la plastiki ya kawaida linayeyuka, waya wa ishara unagusa wa hita, unapata volti 12 mahali pa kusubiri chini ya 1. Soksi ya nyuzi za kioo inapatikana, ivalishe. Wala usipake silikoni ya kawaida ya gasketi kwenye viungo vya eksozi kabla ya sensa. Mvuke wake unaitia sumu ile kauri.

Wenye injini za silinda sita za mstari mmoja wana swali lao. Skyline GT-R ya mwaka 1989 yenye RB26DETT ina tabo mbili na sensa mbili, kila sensa inasikiliza silinda tatu. 1JZ-GTE ya mwanzo, kabla Toyota haijahamia tabo moja mwaka 1996, ina tabo mbili lakini sensa moja tu, iliyokaa pale moshi wa tabo zote mbili unapokutana. Kwa hiyo kama kontroli boksi yako ina mlango mmoja wa sensa, usiweke sensa kwenye bomba la tabo moja, maana silinda tatu zitaamua kwa niaba ya sita. Iweke baada ya mabomba kuungana. Nimeona mtu kasokota ishara za sensa mbili kwenye waya mmoja akidhani amezijumlisha. Upande mmoja ukiwa 0.9 na mwingine 0.1, kontroli boksi inapata kama 0.5, inaona mambo ni shwari, na upande mmoja unaungua.

Na hizi sensa za volti 0 hadi 1 hazikusaidii kitu kwenye busti. Pale unataka uwiano wa kama 11.5 hadi 12 kwa 1, mafuta yasaidie kupoza. Sensa ya kawaida itakuambia "mafuta mengi" kwenye 11.5 na itakuambia hivyo hivyo kwenye 13.5, na kati ya namba hizo mbili ndipo injini inapofia. Kwa hiyo tabo mbili kwangu ni waidibendi mbili, sensa zinazosoma uwiano wenyewe kwa namba, moja kila bomba, hata kama mwenye gari ananung'unika bei. Zile za Bosch za LSU zina soketi ambayo ndani yake kuna rezista iliyopimwa kiwandani kwa ajili ya sensa hiyo hiyo. Ukikata soketi ukaunga waya kwa waya umeitupa. Eathi ya ishara na eathi ya kisomaji ziende mahali pamoja, la sivyo geji itaonyesha namba moja na kontroli boksi itasoma nyingine. Na isiachwe kwenye eksozi bila umeme, masizi yanaimaliza.

Mark X lilipomalizika tulilipeleka njia ya Usagara mpaka Kigongo, mwenyewe anaendesha, mimi nimeshika kompyuta. Masahihisho ya pande zote mbili yalikuwa yameshuka mpaka chini ya asilimia 5, na kwenye busti namba za bomba la kulia na la kushoto zilitembea pamoja. Tukavuka Daraja la Magufuli, kilomita 3 zilizofunguliwa Juni 2025, kwa mwendo wa kawaida kabisa, nikisoma mistari miwili ikicheza pale pale kwenye 14.7.

Akasema anahamia Dar. Hapo nikamweka chini. Ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na presha ya hewa hapa ni kama baa 0.88. Busti ya 0.4 kwenye geji hapa Mwanza maana yake injini inapata jumla ya 1.28. Geji hiyo hiyo, 0.4 hiyo hiyo, pale Dar ni 1.41. Singida hewa ni nyepesi zaidi ya hapa, kwa hiyo gari litamdanganya njiani kwamba kila kitu kiko sawa. Baada ya Dodoma, akianza kuteremka, ndipo mzigo unaongezeka. Nikamwambia aangalie geji zote mbili za waidibendi akifika chini, kwanza kama bado zinaenda pamoja, pili kama zimehama.

Alinipigia akiwa Kibaha. Kwenye busti zote mbili zilikuwa zimesogea kutoka 11.8 mpaka 12.5. Zimesogea pamoja, kwa hiyo waya hauna kosa. Ni jedwali la mafuta ndilo halikutengenezwa kwa hewa nzito kiasi kile. Nikamwambia asikanyage zaidi ya nusu mpaka apate mtu wa kumwongezea mafuta kwenye mistari ya juu ya jedwali, na yule mtu aanze kwa kuchomoa koili ya silinda namba 1.